Kusikiliza muziki vizuri hapa Uvira: anza na wimbo wenyewe, bafle baadaye

Kuna swali ambalo wasikilizaji wananiuliza kuliko hata lile la barabara na lile la bei ya ndagala: "Ee jurnaliste, ninunue bafle gani ili muziki utoke safi nyumbani?" Wananiuliza sokoni Mulongwe, wananiuliza nikiwa juu ya pikipiki, na juzi mmoja aliniuliza tukiwa tumekaa kwenye matanga. Mara nyingi najibu kwa haraka na kuendelea na kazi. Leo nijibu kwa kirefu, kwa sababu jibu lenyewe halianzi na bafle. Bafle, kwa ndugu zetu mnaotusoma mkiwa Nyarugusu au Kigoma, ndiyo spika.

Najua wako watakaosema: watu wamelala chini ya mahema, wewe unatuletea habari ya ubora wa muziki. Neno hilo nimeambiwa uso kwa uso, na aliyeniambia alikuwa na haki ya kusema. Lakini nimefika mara nyingi mahali wanapokaa waliohama makwao, na kila mara nimekuta jambo lilelile. Palipo na pano moja la sola na betri moja, pana simu kumi zimeunganishwa zikijazwa moto, na ndani ya kila simu mna kadi memori yenye nyimbo. Watu walioacha sufuria na godoro njiani hawakuacha kadi ile. Basi kusikiliza wanasikiliza tayari. Kinachobaki ni kama wanayoyasikia yamebaki mazima.

Tuchukue wimbo wa dakika 4. Kwenye CD, sauti inapimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 16, upande wa kushoto na upande wa kulia. Jumla ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, na wimbo wetu unachukua megabaiti kama 42. Wimbo huohuo, ukiukuta kwa vijana wanaojaza nyimbo kwenye simu kando ya barabara, una megabaiti 4 hivi. Hiyo ni MP3 ya kilobiti 128. Zile 38 nyingine zimetupwa. Programu ilipima, ikaona sikio la mtu halitagundua, ikakata.

Kuna namna nyingine ya kupunguza, inaitwa FLAC. FLAC ni kama kukunja kitenge ndani ya valizi: nafasi inapungua, lakini ukikifungua ni yadi sita zilezile. MP3 ni kama fundi aliyekata kando kando na kusema nguo itatosha tu. Na mara nyingi inatosha kweli. Niseme ukweli wangu: MP3 ya kilobiti 320 iliyotengenezwa vizuri kutoka CD, mimi kwa bafle zangu siitofautishi na FLAC. Wanaosema wanazitofautisha usiku na mchana, ningependa niwafunge kitambaa machoni tujaribu.

Kwa hiyo MP3 si adui. Kinachotuharibia muziki hapa kwetu ni safari yake. Kijana mmoja anatoa wimbo kwenye video ya intaneti, programu ya simu inaukata na kuufanya MP3. Mwingine anaupunguza tena ili nyimbo elfu nyingi ziingie kwenye kadi moja. Wa tatu anaugeuza kuwa 320 ili uonekane wa hali ya juu. Kila kugeuza ni kukata upya. Kunakili peke yake hakuharibu kitu, faili inayotoka kadi hadi kadi bila kuguswa inabaki ileile hata ikipita mikono mia. Lakini ukishakata huwezi kurudisha, na kile cha 320 kilichotokana na 128 ni valizi kubwa yenye nguo iliyokatwa. Mwenye kompyuta anaweza kuhakikisha. Kuna programu ya bure inaitwa Spek, inachora sauti kama picha. Wimbo mzima unapanda hadi karibu hertzi 20,000. Uliowahi kuwa 128 mara nyingi unakatika kama ukuta karibu na 16,000, hata jina lake liandikweje.

Na nini hasa kinapotea? Sikilizeni OK Jazz ya Franco, kundi lililoanza mwaka 1956. Ikifika sebene hakuna gitaa moja. Kuna la solo, kuna la kusindikiza, na katikati yao kuna lile wanaloliita mi-solo, linalozunguka polepole kama mtu anayesuka. Kwenye faili iliyokatwa mara tatu, mi-solo linazama ndani ya mengine na marakasi yanatoa sauti ya maji yanayochemka. Unabaki na besi na waimbaji. Watoto wetu wengi wanafikiri rumba ndiyo hiyo. Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo kwenye orodha ya urithi wa binadamu, tukashangilia hewani siku nzima, na nyimbo tulizopiga siku ile, baadhi yake, zilikuwa hizo za maji yanayochemka.

Ubora pia si lazima uwe wa kisasa. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean-Bosco kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Gitaa moja, mtu mmoja anaimba Kiswahili chetu hiki cha Kongo. Hakuna kushoto wala kulia, sauti yote ni moja. Lakini ukipata nakala nzuri, unasikia kidole gumba kikitembea na nyuzi za chini na kidole cha pili kikijibu juu, mpaka unauliza huyu wa pili ni nani. Hakuna wa pili.

Nyimbo hizi zipo kwa sababu mtu alizitunza. Tracey alianzisha maktaba yake ya muziki Afrika Kusini mwaka 1954, na inaishi hadi leo. Ng'ambo ya ziwa, wanamuziki wetu waliohamia Dar es Salaam, kama Remmy Ongala na Orchestra Maquis, walirekodiwa kwenye studio za Redio Tanzania, na kanda za redio ile ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya muziki wa miaka ile. Watu walioondoka kwao wakatunzwa na redio ya ugenini. Mimi mtu wa redio sioni haya kujivunia hilo.

Sasa geukeni mtazame nyumbani. Franco hatapotea. Nakala zake ziko Kinshasa, Brussels, Paris, Nairobi. Lakini kwaya ya Sange iliyorekodiwa kwa kaseti miaka ya tisini, harusi ya Makobola, mzee aliyepiga likembe kule milimani na kueleza asili ya kijiji katikati ya nyimbo, hizo ziko kwenye kaseti moja, ndani ya kabati moja. Aprili 2020 mto Mulongwe ulipofurika, watu walikufa na nyumba zilikwenda, na ndani ya nyumba zile mlikuwa na makabati. Baadaye ziwa likapanda likaingia kwenye avenyu za chini. Hakuna aliyehesabu kaseti, na nani angehesabu, lakini zilikuwako.

Hapo ndipo mitambo ya nyumbani inapopata kazi. Nieleze yangu jinsi ilivyo, na gharama yake yote haikufika bei ya mbuzi wawili wazuri.

Cha kupiga muziki ni simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Haina laini, nimeizima mitandao yote, ina kadi ya gigabaiti 32 ambayo inabeba zaidi ya nyimbo 1,000 za FLAC. Programu ni VLC, ya bure, inasoma karibu kila kitu. Kwenye tundu la chaji nimechomeka kamba fupi yenye kigeuzi kidogo cha sauti ndani yake, kwa sababu tundu la ekuta la simu ile lilikuwa limekufa, na kumbe kigeuzi kile kinatoa sauti tulivu kuliko tundu lenyewe. Kutoka hapo ni waya wa ncha mbili, nyekundu na nyeupe, unaingia kwenye ampli ndogo ya volti 12. Kutoka ampli, nyaya mbili kwenda kwenye bafle mbili za mbao nilizozitoa kwenye redio kubwa ya zamani ambayo sehemu ya kaseti na ya CD zilishakufa. Mbao, narudia. Zile za plastiki nyembamba zinaimba zenyewe juu ya mwimbaji.

Umeme ndio unaotushinda wengi, basi nikae hapo kidogo. Ukitoka kwenye betri ya sola ukapita kwenye konvertisa ya bei ndogo ili upate volti 220, kisha ukachomeka ampli ambayo ndani yake inashusha tena hadi volti chache, umezunguka mlima bila sababu. Tena konvertisa nyingi za bei ndogo hazitoi umeme wa mawimbi laini, unatoka kwa ngazi ngazi, na ngazi zile unazisikia kwenye bafle: mngurumo wa nyuki usioisha. Ampli ya volti 12 unaiunga moja kwa moja kwenye betri. Hakuna konvertisa, hakuna nyuki. Weka fiuzi kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri, maana betri ikigusana waya kwa waya inaweza kuchoma nyumba. Na usijaze simu moto kutoka betri ileile wakati muziki unapiga, nyuki watarudi kwa mlango huo. Simu ijazwe mchana, ipige jioni.

Mtauliza: ampli ndogo hivyo ina nguvu? Kwa volti 12 inatoa kama wati 15 kila upande, na chumbani mnasikiliza kwa wati moja au mbili. Ile karatasi inayong'aa kwenye bafle za dukani, inayosema wati 3,000, haina maana yoyote. Bafle ya wati 3,000 za kweli ingezima taa za avenyu nzima.

Baada ya umeme ni chumba. Nyumba zetu za simenti na mabati zinarudisha sauti. Ingia chumbani, piga makofi mara moja: ukisikia mlio mfupi unaofuata, mlio huo unaongezwa juu ya kila wimbo unaopiga. Dawa yake haiuzwi dukani. Tundika vitenge viwili au blanketi ukutani nyuma yako, godoro lisimame kwenye kona, mkeka chini. Bafle zitoke kwenye kona na ziache nafasi kidogo na ukuta, zile za sauti nyembamba ziwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, na umbali kati ya bafle mbili ulingane na umbali wa kila moja hadi kwako. Kazi hii ni ya nusu saa na haina hata franka moja, na inabadilisha muziki kuliko kubadilisha ampli. Mvua ikinyesha juu ya mabati, zima. Hilo halina dawa.

Ninyi mnaokaa kwenye hema, msione hamna chumba. Turubai halirudishi sauti kama simenti, kwa hiyo mlio ule wa makofi hamna. Tatizo lenu ni lingine, kila kitu kinatoka kwenda kwa jirani, na jirani huenda ana mgonjwa au msiba. Kwenu naona ekuta za waya ni bora kuliko kile kisanduku cha bluetuthi ambacho vijana wanakipenda. Kisanduku kinachanganya kushoto na kulia, na bluetuthi yenyewe inakata sauti tena njiani. Ekuta moja nzuri ya waya, watu wawili, kila mmoja sikio moja, bado mtasikia vitu ambavyo kisanduku hakivitoi. Na redio msiitupe. FM inayoshika vizuri inabeba sauti hadi hertzi 15,000, kwa hiyo wimbo mzima unaopigwa kutoka studio unaweza kuwafikia ukiwa na afya kuliko MP3 iliyopita mikono mingi. Kama sisi tutakuwa tumepiga wimbo mzima, bila shaka.

Mwaka jana mama mmoja kutoka upande wa Luvungi, anayekaa kwa jamaa zake hapa Kavimvira, aliniletea kaseti mbili ndani ya mfuko wa plastiki. Kwaya ya kanisa lao, zamani. Kaka yake mkubwa aliimba sauti ya chini, na kaka huyo hayupo tena. Mtoto wake alikuwa amekwisha kuinakili kaseti ya kwanza kwa simu, kwa kuiweka karibu na redio inayopiga na kubonyeza kurekodi. Alinisikilizisha. Palikuwa na kwaya mahali fulani, nyuma ya upepo.

Tukaianza upya. Nilisafisha kichwa cha mashine ya kaseti kwa pamba na alkoholi, pamba ikatoka ya kahawia. Nikapeleka kaseti mbele hadi mwisho na kuirudisha, ili utepe ulegee. Waya kutoka mashine hadi kompyuta, hakuna hewa katikati. Programu ya Audacity, ya bure nayo, sauti ipimwe 44,100, na kiwango kisiguse juu kabisa hata kwaya inapopaza, maana kinachogusa juu kinakatwa na hakirudi. Kaseti ya dakika 60 inachukua dakika 60, hakuna njia ya mkato. Inazaa faili ya megabaiti kama 600, ukiikunja kwa FLAC inapungua sana. Upepo wa utepe sikuuondoa wote. Programu inaweza kuufuta, lakini inafuta pamoja nao pumzi za watu, na mimi nataka pumzi.

Mama alikaa kati ya bafle mbili, viatu amevua. Kabla ya ubeti wa pili mtu mmoja, upande wa kulia, alikohoa kidogo.

"Njo yeye," mama akasema. "Alikuwa anakohoaka vile mbele ya kuimba. Rudisha nyuma kidogo, mwanangu."

Nilirudisha. Akasikiliza kikohozi kile mara nne, wimbo wenyewe tukaufikia baadaye.

Kwa walio na kaseti zilizoingia maji: usiipige ikiwa na tope, utepe utakatika au utaharibu mashine. Suuza tope kwa maji safi, ianike kivulini siku kadhaa, kamwe si juani wala karibu na mbabula. Kama ganda lina skrubu, unaweza kulifungua na kuhamishia utepe kwenye ganda zima. Nimeona kaseti iliyokaa ndani ya tope la Mulongwe ikiimba, si zote, lakini nimeiona.

Ukishageuza, nakala ziwe mbili, na zikae mahali pawili. Desemba 2025 vita vilipoingia mjini, maelfu walivuka kwenda Burundi kwa saa chache, wengi mikono mitupu. Jirani yangu alikuwa na mitambo mikubwa kuliko yangu mara tano, aliporudi alikuta ukuta na alama ya vumbi mahali ampli ilipokaa. Hakuililia sana ampli. Alililia kompyuta, kwa sababu nyimbo za baba yake zilikuwa humo tu. Kadi moja ndogo kama ukucha, imeshonwa ndani ya pindo la kitenge au imewekwa pamoja na kadi ya uchaguzi, inabeba kaseti mia moja. Nyingine apewe ndugu aliye mbali, Baraka, Bujumbura, popote. Ukimtumia kwa WhatsApp, usimpigie wimbo kwa ujumbe wa sauti. Chagua kutuma kama dokumenti, faili ifike nzima.

Kaseti ya pili ya mama yule nitaigeuza Jumamosi, kama jua litawaka vya kutosha kujaza betri. Amesema atakuja mwenyewe, pamoja na mdogo wake anayekaa Rumonge, akipata nauli. Nimemwomba waje na kiti kimoja, maana nyumbani kwangu viti vya kusikilizia ni viwili, na mimi kazi ile siwezi kuifanya nikiwa nimesimama kwa saa nzima.